Pamba Mbele ya Pua

Tok. Tok. Tok. Ilikuwa sauti ndogo, kama ya mtu anayebisha hodi huku akiogopa kuamsha watu. Alfajiri ilikuwa bado. Nilidhani ni panya kwenye vyombo. Kisha nikatambua kwamba inatoka hapo hapo kitandani kwangu, upande wa miguu. Kilikuwa kisigino cha mjukuu wangu Juliana, kikigonga ubao wa kitanda.

Kilichonitia hofu hakikuwa kisigino. Ni kile ambacho sikukisikia. Juliana ana miaka saba na hulala nami. Siku zile usiku alikuwa akikoroma kama msumeno unaokata mti mbichi, mdomo wazi, shingo ameipindua nyuma kama ndege anayekunywa maji. Nilishaizoea sauti hiyo, hata ikawa inanibembeleza. Sasa msumeno ulikuwa umenyamaza, na kisigino kinagonga.

Niliwasha tochi ya simu. Mtoto alikuwa amefungwa. Kipande cha kanga kilipita chini ya kidevu chake, kikapanda mashavuni, kikakazwa fundo utosini. Kifua kilikuwa kinahangaika kupanda, lakini hewa haiingii. Kila alipovuta, kishimo cha chini ya koo kilizama ndani, na macho yalikuwa nusu wazi bila kuniona. Nilishika fundo, likakataa. Vidole vyangu havina nguvu tena za namna hiyo. Nikainama, nikalilegeza kwa meno.

Mdomo ulipofunguka alivuta hewa kwa mlio ambao hadi leo nikiukumbuka husimama nilipo. Akakohoa, akalia. Nikamshukuru Mungu kwa kile kilio.

Nimewaosha marehemu wengi hapa Segese pamoja na kina mama wa jumuiya. Najua kitambaa cha taya hufungwa nani.

"Ni mimi, mama," sauti ikasema mlangoni. Mkwe wangu, Scolastika, alikuwa amesimama na kandili mkononi. "Nilimfunga mimi, ulipokwisha kulala."

Nilitaka kumfokea. Lakini nikaona kwamba kanga aliyoichana ni ile mpya, ambayo hata kanisani alikuwa hajaivaa. Alichagua laini isimkwaruze mtoto.

"Kwa nini, Mama Juliana?"

"Baba yake kasema leo akitoka kazini anakuja na Mzee Nkwabi. Nikawaza, kama Juliana ataamka amejifunza kufunga mdomo, hakutakuwa na haja ya kumkata." Akaketi sakafuni. "Nimemwambia mchana, nimemwambia usiku, funga mdomo, funga mdomo. Nimempiga hata kidevu. Hasikii, mama."

Nilimpa mtoto amshike. Juliana alijilaza kifuani kwa mama yake kama vile si mama huyo huyo aliyefunga lile fundo. Watoto wana ukarimu wao.

Basi niseme habari ya Mzee Nkwabi. Yeye hukata vimeo. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia kooni, mwisho kabisa wa kinywa. Huku kwetu mtoto akikohoa bila kupona, akikoroma, akikataa kukua, watu hawaulizi mara mbili: kimeo kimerefuka, kikatwe. Mzee Nkwabi alimkata mwanangu Mabula akiwa mdogo, kikohozi kikaisha, na Mabula amekua akiamini kwamba uhai wake ulitokana na kile kisu. Siwezi kumlaumu. Lakini mwaka jana mtoto wa jirani yetu Magesa alikatwa na mkataji mwingine, damu haikukatika, wakamzika kabla ya jioni. Mimi ndiye niliyemuosha.

Na Juliana dalili zote alikuwa nazo. Mdomo haufungi, si usiku si mchana. Midomo imekauka na kupasuka pembeni. Uso, ambao alipozaliwa ulikuwa wa mviringo, umerefuka, na meno ya juu yametokeza mbele. Chini ya macho ana weusi kama mtu anayekesha. Anakula polepole, kwa sababu akitafuna hawezi kupumua, na akipumua hawezi kutafuna. Kitanda hukilowesha. Mwalimu Sostenes alituita akasema mtoto analala darasani hata wenzake wakiimba, na wenzake wamempa jina la Chura. "Si mjinga," alituambia yule mwalimu. "Akiwa macho, anajibu. Shida ni kumpata akiwa macho." Maneno yale yalimpa Scolastika nguvu ya kurudi nyumbani bila kulia.

Siku chache kabla ya alfajiri ile, gari la matangazo lilipita sokoni na vipaza sauti vyake. Madaktari bingwa wamekuja hospitali kubwa mjini Shinyanga, wa macho, wa mifupa, wa pua, koo na masikio, wataondoka mwisho wa wiki. Nilimwambia Mabula. Akasema, "Mayu," yaani mama kwa lugha yetu, "mpaka mjini kufuata nini, na dawa iko hapa hapa?"

Wiki ilikuwa inaisha. Na Mzee Nkwabi alikuwa njiani.

*

Walifika jua limeshapanda, wote wawili kwenye pikipiki moja. Mabula alikuwa na vumbi jeupe la mawe hadi kwenye kope. Kazi yake ni ya usiku, machimboni. Hashuki chini. Yeye hubaki juu ya duara, yaani lile shimo refu la dhahabu, akisimamia mashine inayopuliza hewa na ule mpira mrefu unaoipeleka kwa wenzake walio chini. Asubuhi hurudi akalala chumba cha nyuma, mlango umefungwa, Juliana yuko shule. Usiku mtoto akilala, baba yupo machimboni.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, baba. Karibuni. Mzee Nkwabi, karibu kiti."

Mzee Nkwabi aliweka mkoba wake wa ngozi magotini. Ni mtu wa maneno mengi na meno machache. "Mama Mabula, hujazeeka hata kidogo! Mara ya mwisho mama mkwe wako alinishikia huyu," akamwonyesha Mabula kwa kidevu, "akaning'ata kidole. Bado kinauma masika yakija."

Mabula akacheka. Scolastika hakucheka. Alikuwa amemshika Juliana bega, na mtoto alikuwa anautazama mkoba.

"Haya, tusimchoshe mgonjwa," Mzee Nkwabi akasema. "Kigoda kije hapa kwenye mwanga. Bibi akae, ampakate."

Ana mwiko wake, na wilaya nzima inaujua. Hamkati mtoto mpaka apakatwe na bibi mzaa baba. Bibi ndiye anayebana mikono na kichwa. Anasema bila hivyo mkono wake haujui njia. Nilikuwa nimeuwaza mwiko huo tangu alfajiri, nikisonga uji.

"Sitampakata," nikasema.

Mabula alidhani hajasikia vizuri. "Mayu?"

"Sitampakata mpaka umsikie kwanza akiwa usingizini."

"Nimsikie nini? Kukoroma? Kukoroma nakujua, kambini tunalala wanaume watupu!"

"Huyu hujamsikia. Hujawahi kuwa nyumbani usiku tangu aanze."

"Mayu, nimemtoa mzee wa watu kwake Kagongwa. Nimemtoa kwenye shughuli zake. Unaniaibisha."

Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na sauti imeanza kupanda. Mzee Nkwabi alitazama mkoba wake. Tangu Mabula aoe sijawahi kumpinga mbele ya mtu. Lakini niliendelea kusimama.

"Mzee Nkwabi," nikasema, "wewe ni mgeni wangu. Chai ipo, na viazi. Huyu mtoto akiegemea kitu analala saa yoyote. Kunywa chai. Akilala, msikilizeni. Baada ya hapo mkiniambia nimpakate, nitampakata."

Yule mzee aliweka mkoba wake chini. Angeweza kukasirika akaondoka, au kumchochea mwanangu. "Chai sijawahi kuikataa," akasema. Huo ulikuwa wema, nami niliuona.

Scolastika alitandika mkeka kivulini. Chai haijaisha, Juliana alikuwa amelala chali, mdomo wazi. Msumeno ukaanza. Mabula alikunja uso kidogo, akaendelea kumenya kiazi. Msumeno ukapanda, ukapanda, halafu ukakatika.

Kimya. Kuku alikuwa anaparua nyuma ya nyumba. Kifua cha Juliana kilikuwa kinavuta, tumbo linaingia ndani, lakini hakuna sauti, hakuna kitu. Mabula aliacha kumenya. Niliona midomo yake ikicheza, nikajua anahesabu, kama anavyohesabu machimboni kamba ya ishara kutoka kwa walio chini ikinyamaza. Weusi wa chini ya macho ya mtoto ulikuwa unashuka kwenye midomo. Kisigino kikaanza, safari hii kwenye udongo.

Kiazi kilianguka. Mabula alikuwa amepiga magoti, amemwinua mtoto, anamtikisa. "Juliana! Juliana!"

Juliana akavuta hewa kwa mlio ule ule, akafumbua macho, akashangaa kumwona baba yake karibu hivyo. "Baba, umerudi," akasema, akafumba macho tena begani kwake.

"Hufanya hivi mara ngapi?" Mabula akauliza.

"Usiku kucha," Scolastika akajibu.

"Mayu, angekuwa mtu wa shimoni, ningekuwa nimeshavuta kamba." Jasho lilikuwa limechora mistari kwenye vumbi la uso wake. "Usiku kucha! Na mimi nipo kule nasikiliza pumzi za watu wengine."

Mzee Nkwabi alikohoa. "Ndiyo hicho kimeo," akasema, ila sauti haikuwa ile ya mwanzo. "Kinamziba."

"Hebu tuone kinaziba wapi," nikasema.

Mimi ni mkulima wa pamba, nimeichuma tangu sijaota meno ya utu uzima. Katika mto wangu kuna pamba yetu wenyewe. Nilichomoa nyuzi chache, nyepesi kiasi kwamba hata mtu akigeuka karibu zinayumba. Ndizo tunazomwekea mgonjwa puani tusipojua kama bado yupo. Nikamwamsha Juliana. Nilimwekea pamba mbele ya mdomo. Ikaruka, ikaanguka kwenye mkeka. Nikaiokota. "Sasa fumba mdomo kidogo tu, mjukuu wangu. Ukishindwa, fungua." Nikaiweka mbele ya tundu moja la pua, kisha la pili. Macho yalimtoka, mabega yakapanda. Pamba ilikaa vile vile. Haikutikisika hata ncha. Akafungua mdomo, akahema kama aliyetoka mbio.

Mabula alichukua pamba akarudia mwenyewe, kwa vidole vyake vinene, taratibu sana. Haikutikisika.

"Mpira umekunjika," akasema. "Sisi juu hewa ikikosa kushuka, hatuendi kukata mdomo wa mpira. Tunafuata mpaka pale ulipojikunja. Mzee, kimeo kiko mdomoni. Mdomo ndiyo njia pekee aliyobaki nayo."

Mzee Nkwabi aliomba tochi na kijiko. Nilidhani atakata, lakini alitazama tu. Alitazama kwa muda mrefu, akipindua kichwa huku na huku. "Mafindofindo yamevimba pande zote mbili, karibu yagusane," akasema. "Kimeo chenyewe kimebanwa katikati, hata sikioni vizuri." Akafuta kijiko kwa shati lake, akanirudishia. Kisha akafunga kamba ya mkoba, ingawa hakuwa ameifungua. "Kisu changu hakifiki kwenye pua, Mama Mabula. Mpelekeni mjini. Na mwende leo."

*

Tulipanda gari mchana ule ule. Mabula hakulala, alinawa uso tu. Njia nzima alimpakata Juliana akiwa ameketi wima, na kila kichwa cha mtoto kilipoanguka nyuma, alikiinua kwa kiganja.

Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, anaitwa Bhoke. Aliniamkia kabla ya kumgusa mtoto. Alimchungulia kooni, puani, masikioni, akampeleka kupigwa picha ya kichwa kwa upande. Halafu akatuonyesha ile picha kwenye mwanga.

"Nyuma ya pua, hapa juu ya koo, kila mtoto ana nyama ndogo ya kukamata vijidudu," akasema. "Za Juliana zimevimba zikajaza njia yote. Mafua yasiyoisha, vumbi la mawe, moshi wa jikoni, vyote huchochea. Mafindofindo nayo yamefunga upande wa chini. Hana pua ya kupumulia, ndiyo maana anatumia mdomo."

"Siyo tabia mbaya?" Scolastika akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hapana, mama. Anajiokoa."

Scolastika akafunika uso kwa upande wa kanga.

Daktari akaeleza mengine bila haraka. Mtoto akipumua kwa mdomo miaka mingi, mataya na meno hukua vibaya na uso hurefuka. Usingizi unaokatika katika haumpumzishi, kwa hiyo mchana analala darasani, usiku anakojoa, mwili haukui. Moyo nao unachoka kufanya kazi bila hewa ya kutosha.

"Na kimeo?" Mabula akauliza.

Daktari alimtazama. "Kimeo ni kizima. Mlitaka kukikata?"

"Leo asubuhi."

"Angevuja damu na koo lingevimba. Kanjia kadogo alikobakiwa nako kangefungwa." Akaishusha ile picha. "Nani aliwazuia?"

Mabula alinitazama, akatazama sakafu. "Mkataji mwenyewe," akasema. "Na mama yangu."

Nafasi ya upasuaji ilipatikana kesho yake, siku ya mwisho ya wale mabingwa. Daktari alituambia wazi kwamba mtoto wa namna hii ni wa kuangaliwa sana wakati wa kulazwa usingizi wa dawa, kwa kuwa njia yake ya hewa ni finyu. Mabula akaweka sahihi. Walipomchukua, Juliana aliuliza kama ndani kuna mkoba. Nesi akamwambia hakuna, akampa kofia ya kijani aivae mwenyewe.

Mlango ukafungwa. Mabula alisimama karibu nao, sikio limeelekea ndani, mkono mmoja hewani kama ameshika kamba. Watu walipita, wakamwomba awapishe, akawapisha, akarudi pale pale. Scolastika alisali rozari bila kutoa sauti. Mimi niliketi kwenye benchi nikiwaza kitambaa cha taya. Mama mmoja wa Kihindi wa hapo mjini, Champaben, ambaye mjukuu wake Nitin alikuwa amefanyiwa upasuaji kama huo juzi yake, alisogea akaketi nami. Hakuniambia nisiogope. "Bibi mwenzangu," akasema, "mimi nilikaa benchi hii hii. Miguu iliganda." Akanifunika miguu kwa shali yake.

Ilikuwa mchana walipomrudisha wodini. Alilala ubavu, kofia imemteleza. Tukakizunguka kitanda, tukasikiliza.

Hatukusikia kitu.

Hakuna msumeno, hakuna mlio, hakuna mkwaruzo. Uso umetulia na mdomo umefungwa. Nimeona nyuso zilizotulia hivyo, na nimezifunika. "Nesi!" Scolastika akaita. Mabula alikuwa ameshamshika mtoto mabega amwinue.

"Ngoja," nikasema.

Nilikuwa nimeifunga ile pamba kwenye pindo la kanga. Sikuweza kuifungua, vidole vilikataa, Mabula akanifungulia. Niliishika mbele ya pua ya mjukuu wangu. Mkono wangu ulitetemeka hata nisijue kipi kinatikisika, pamba au mimi. Mabula akanishika kiganja, tukautuliza mkono kwa pamoja.

Pamba ikainama. Ikarudi. Ikainama tena, taratibu, kama jani la mpunga kwenye upepo mwepesi.

Nesi alifika akitutazama mmoja mmoja. "Mbona mnalia? Mtoto amelala tu."

*

Sasa Juliana bado anajifunza. Mdomo ulioachwa wazi miaka mingi hauzoei kufungwa kwa siku moja, na meno itabidi yaangaliwe akikua. Lakini kitanda hakilowi, na shuleni yule Chura amewashinda kwenye mtihani watatu kati ya waliompa jina. Usiku hulala kimya. Ninayeamka ni mimi, kuhakikisha, kisha narudi kulala.

Mzee Nkwabi alikuja wiki iliyopita, kwa miguu kutoka kituoni. Juliana alipouona mkoba akajificha nyuma yangu.

"Nimekuja kuangalia tu," mzee akasema. "Mama Mabula, nipe ile pamba."

Aliiweka kwenye kiganja chake, akachuchumaa kwa shida hadi akalingana na mtoto. "Haya. Fumba mdomo, puliza kwa pua." Juliana alichungulia, akafumba mdomo, akapuliza. Pamba iliruka ikatua kwenye ndevu za mzee. Mtoto akacheka hadi akashika ukuta.

"Jana wameniletea mwingine," Mzee Nkwabi akaniambia, ndevu bado zina pamba. "Anakoroma kama huyu. Nikamwekea pamba kwanza."

"Ikatikisika?"

"Wapi!"

"Ukafanyaje?"

"Nikawaambia waende hospitali. Hawakufurahi. Hata uji hawakunipa."

Scolastika akaenda kumletea uji, bakuli kubwa. Mzee alipomaliza akachukua mkoba wake na fimbo, akatuaga. Alikuwa ameshafika kwenye minyaa ya uani Juliana alipomkimbilia, mdomo umefungwa, akihema kwa pua.

"Babu," akasema, "uje tena. Ila mkoba uuache kwako."